Kuzuru mahekalu ya Gedong Songo, Mlima Ungaran: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaopanga kwenda Java na wamechoka kuambiwa habari za mahekalu maarufu ya Borobudur na Prambanan peke yake. Gedong Songo ni mahekalu ya Kihindu yaliyotawanyika ubavuni mwa mlima wa volkano. Ni madogo. Anayefuata ukubwa atarudi analalamika, lakini anayekubali kuamka mapema na kutembea kwa miguu atapata asubuhi nzuri kuliko zote za safari yake.

Yako wapi hasa?

Yako Java ya Kati nchini Indonesia, upande wa kusini wa Mlima Ungaran, wilaya ya Bandungan, mkoa wa Semarang. Kilele cha Ungaran kina urefu wa mita 2,050 hivi, na mahekalu yako kati ya mita 1,200 na 1,300, kwa hiyo hupandi kileleni. Unazunguka ubavu wa mlima kwa njia iliyotengenezwa, unashuka bondeni na kupanda tena.

Nani aliyeyajenga? Wahindi walihamia huko?

Waliojenga ni Wajava wenyewe. Dini ya Kihindu na lugha ya Sanskrit zilifika visiwani kwa njia ya bahari, pamoja na biashara na wasomi wa Kibrahmani, na watawala wa huko wakazipokea na kuzifanya zao. Wachonga mawe, mafundi, wapishi wa mafundi hao na wafalme waliogharimia kazi walikuwa watu wa kisiwani. Ndiyo maana ukilinganisha na mahekalu ya India utaona ukoo wao ni mmoja, ila sura ni nyingine.

Umri wake hukadiriwa kwa mtindo wa ujenzi, ambao unafanana na wa mahekalu ya Dieng. Wataalamu huyaweka karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 9, enzi za ufalme wa Mataram. Prambanan lilikuwa bado halijajengwa. Mnamo mwaka 929 hivi kiti cha ufalme kilihamia Java ya Mashariki wakati wa mfalme Mpu Sindok, na sehemu hizi za milimani zikaanza kuachiwa msitu.

Kwa nini wajenge mlimani badala ya penye watu?

Kwa sababu mlima ndiko miungu inakokaa. Katika Uhindu upo mlima Meru, kitovu cha ulimwengu, na mungu Shiva mwenyewe huitwa bwana wa mlima. Wajava nao, hata kabla ya dini hiyo kufika, waliamini kwamba roho za wazee wao ziko juu, kwenye vilele. Imani hizo mbili zilipokutana hazikugombana. Ongeza kwamba Ungaran ina chemchemi, mvuke unaotoka ardhini na maji ya moto. Mtu wa karne ya 8 akiona mlima unapumua hahitaji kushawishiwa sana kwamba kuna mwenyewe ndani.

Jina lina maana ya majengo tisa. Mbona ramani inaonyesha makundi matano?

Swali zuri, na hata wenyeji hulijibu kwa tabasamu. Songo ni tisa kwa Kijava. Waingereza walipoitawala Java mwaka 1811 hadi 1816 chini ya Thomas Stamford Raffles, mahali hapa paliandikwa kwa jina la Gedong Pitu, yaani majengo saba. Baadaye yalipatikana mengine na hesabu ikapanda. Leo njia inapitia makundi matano yaliyopewa namba, kuanzia Gedong I chini hadi Gedong V juu, na baadhi ya makundi yana majengo zaidi ya moja. Mengine yamebaki misingi tu kwenye majani.

Kwa kuwa tumemtaja Raffles: kurasa nyingi za watalii zinasema aliyagundua mwaka 1804. Haiwezekani, kwani mwaka huo Waingereza walikuwa hawajaichukua Java. Na neno "kugundua" nalo lina walakini, maana wakulima wa Ungaran walikuwa wakipita hapo kila siku.

Nianze wapi na nitumie muda gani?

Anza Gedong I, lililo karibu na lango, uende kwa namba. Mzunguko wote huchukua saa mbili kwa mwendo wa kawaida. Mimi ningekushauri utenge asubuhi nzima.

Gedong I liko peke yake na wengi hulipita wakikimbilia juu. Simama. Ndani ya chumba chake kidogo kuna yoni, kitako cha jiwe chenye tundu katikati na mdomo ubavuni. Juu yake ndipo linga, alama ya Shiva, ilipokuwa ikisimama, na maji yaliyomwagwa juu ya linga wakati wa ibada yalitokea kwenye mdomo huo. Chumba chenyewe kinawatosha watu wachache tu. Hekalu la aina hii halikujengwa kukusanya waumini ndani: kuhani aliingia, na wengine walibaki nje.

Kutoka hapo njia inapanda kwa kasi kwenda Gedong II, na hapa ndipo pumzi hukatika. Usione haya kupumzika. Geuka nyuma: kukiwa safi utaona ziwa Rawa Pening chini na mlima Merbabu, na magharibi pacha wawili, Sindoro na Sumbing. Ziwa hilo limesumbuliwa kwa miaka mingi na gugumaji, lile lile linalowasumbua wavuvi wa Ziwa Viktoria. Huko hulikausha na kulisuka vikapu na viti.

Gedong III ndilo la kukaa nalo. Kati ya Gedong III na IV kuna korongo lenye maji ya moto, kisha unapanda tena. Gedong IV lina mabaki mengi yaliyolala chini, misingi na mawe yaliyopangwa yakisubiri wenzake. Gedong V liko juu, na wengi hawafiki, jambo ambalo ni faida kwako.

Kwenye hekalu lenyewe niangalie nini? Yote naona mawe tu.

Kila hekalu lina sehemu tatu: kitako, mwili na paa la ngazi linalopungua kuelekea juu. Kitako ni dunia ya wanadamu na paa ni ya miungu. Hiyo ndiyo picha ya mlima Meru kwa udogo.

Sasa nenda Gedong III. Hekalu kuu linaelekea magharibi. Zunguka kuta zake utaona vidaka, kama vile vya nyumba za kale za Lamu, ila humu vimekaliwa na miungu. Mpangilio wake ni kanuni iliyofuatwa Java nzima kwenye mahekalu ya Shiva, na ukiujua hapa utaujua kila mahali. Upande wa kaskazini ni Durga, mke wa Shiva, mwenye mikono mingi, amesimama juu ya nyati aliyemshinda. Mtazame vizuri: mkono mmoja umeshika mkia wa nyati, mwingine umeshika nywele za pepo mdogo anayetokea kwenye mwili wa mnyama huyo. Nyuma, upande wa mashariki, ni Ganesha mwenye kichwa cha tembo. Kusini ni Agastya, mzee wa hekima mwenye kitambi na ndevu, ambaye Wajava walimpenda kuliko walivyompenda watu wa pengine popote. Mlangoni kuna vidaka viwili vya walinzi, Mahakala na Nandiswara, mmoja mkali na mwingine mpole.

Pembeni yake kuna hekalu dogo zaidi, linalohusishwa na mungu Vishnu, na mbele ya lile kuu kuna jengo refu la Nandi, ng'ombe wa Shiva. Kwenye mahekalu mengine ya hapa vidaka ni vitupu. Usidhani mafundi hawakumaliza kazi. Sanamu nyingi za Java ziliondolewa, nyingine zikaishia makumbusho, nyingine kwenye bustani za maofisa wa kikoloni, nyingine zikavunjwa vichwa kwa ajili ya kuuzwa.

Juu ya milango tafuta uso wa zimwi Kala: macho ya kutoka, meno, na mara nyingi hana taya la chini. Yupo kutisha kila kibaya kinachotaka kuingia.

Mawe yameshikanaje? Ni saruji?

Hapana. Ni mawe ya volkano ya kijivu, yaliyochongwa na kushikizwa kwa kutiana meno, ulimi wa jiwe moja ukiingia kwenye mtaro wa jingine, pamoja na uzito wenyewe. Ukiinama karibu na pembe za kitako utaona viungo hivyo waziwazi pale jiwe lilipobanduka.

Kwa hiyo ni majengo ya asili au yamejengwa upya?

Yote mawili. Yalikuwa yamebomoka, na kazi ya kuyasimamisha ilianza wakati wa Waholanzi mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha serikali ya Indonesia ikaendelea miaka ya 1970 na kuingia ya 1980. Wataalamu wa Kiholanzi waliweka kanuni kwamba hekalu lisijengwe upya isipokuwa kama angalau robo tatu ya mawe yake ya asili imepatikana. Ndiyo sababu utaona rundo la mawe karibu na hekalu zima. Panapokosekana jiwe wameweka jipya lisilo na nakshi, ili usidanganyike. Napenda uaminifu huo.

Harufu ya mayai yaliyooza inatoka wapi?

Korongoni. Ungaran ni volkano iliyotulia, lakini joto bado liko chini, na linatoka kwenye matundu ya mvuke na maji yenye salfa. Utasikia mlio kama wa sufuria kubwa kabla hujaona chochote. Kuna bwawa la kuoga lenye maji ya moto na wenyeji huamini linasaidia magonjwa ya ngozi. Usisogee kwenye matundu yenyewe wala usivuke uzio: mvuke unaunguza, na ardhi ya pembeni ni laini. Mwenye pumu apite haraka.

Wazee wa Ungaran wana maelezo yao. Katika utenzi wa Ramayana wa Kijava, Hanoman, nyani mweupe, alimfukia mfalme Rahwana chini ya mlima. Rahwana, ambaye huitwa pia Dasamuka kwa sababu ya nyuso zake kumi, hafi. Basi mlima huo ni huu, na ngurumo za korongoni ni yeye anayenung'unika. Mwenye kuuza mahindi ya kuchoma atakusimulia bila kuombwa.

Nikodi farasi au nitembee?

Farasi wapo langoni, wadogo na wazoefu, na wenyewe huwaongoza kwa kamba. Bei hutegemea unafika wapi. Zitazame kabla ya kupanda. Kwa mtu mwenye afya ninasema tembea. Juu ya farasi unapelekwa hekalu hadi hekalu na mwenye farasi ana haraka ya mteja mwingine. Mahekalu haya yalipangwa uyafikie kwa jasho kidogo, moja likijificha mpaka umalize kona.

Nina mama mtu mzima, na watoto wadogo. Wataweza?

Mama anayetembea sokoni bila shida atafika Gedong I na bustani zake. Kwa Gedong II na III farasi ni msaada wa kweli, hapo sibishani. Njia ina ngazi nyingi, na kiti cha magurudumu hakivuki mbali. Watoto hufurahi, tatizo lao ni korongo, shika mikono.

Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Naruhusiwa? Nitaonekanaje?

Utaonekana kama wageni wengine. Wajava walio wengi ni Waislamu, na wengi utakaokutana nao humo ni familia za Kiislamu, wanafunzi na akina mama wenye hijabu waliokuja kupunga upepo. Pana mahali pa kuswali karibu na lango. Eneo zima linatunzwa kama urithi wa taifa, na kuingia kwako hakuhesabiki kuwa ibada. Hata hivyo Wahindu wa Java na Bali huja kusali nyakati nyingine. Ukikuta ubani unawaka na vikapu vidogo vya maua, subiri wamalize na usimpige mtu picha usoni.

Mavazi ya kawaida ya heshima yanatosha. Viatu viwe vya kushika, kwa kuwa ngazi huota ukungu.

Majira gani ni mazuri?

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Mvua kubwa ni Novemba hadi Machi. Lakini muhimu zaidi ya mwezi ni saa. Jua huchomoza mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri, na asubuhi ndipo milima yote huonekana. Kufikia adhuhuri ukungu unapanda kutoka bondeni na hekalu lililo hatua ishirini mbele yako linapotea. Lala Bandungan usiku wa kuamkia, ungojee geti lifunguliwe. Epuka Jumamosi, Jumapili na wiki ya Idi, maana nusu ya Semarang hupanda huko. Beba sweta.

Natoka Afrika Mashariki. Nijiandaeje?

Kwanza cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Indonesia hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na afisa hatasikiliza hadithi kwamba umekisahau nyumbani. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wa Indonesia. Upo Dar es Salaam na Nairobi. Pasi iwe na uhai wa miezi sita au zaidi.

Wengi huruka kupitia nchi za Ghuba hadi Jakarta. Kutoka Jakarta chukua treni hadi Semarang, mwendo wa saa tano hadi sita, ukae dirishani kwa sababu sehemu ya reli inapita kando ya bahari. Java iko mbele ya saa zetu kwa saa nne. Magari hupita kushoto kama kwetu.

Kutoka Semarang nafikaje?

Ni kama kilomita 45. Njia rahisi ni gari la kukodi, mgawane wawili watatu. Ya gharama ndogo ni basi la Trans Jateng hadi kituo cha Bawen, kisha magari madogo ya abiria kupitia Ambarawa hadi Bandungan, na kipande cha mwisho kwa ojek, yaani bodaboda ya huko. Kipande hicho ni mwinuko mkali. Pikipiki chakavu yenye watu wawili na mabegi huhema. Wakati wa kurudi Ambarawa inastahili kusimama: kuna makumbusho ya reli kwenye stesheni ya enzi za Waholanzi, yenye injini za mvuke.

Dereva mwite "Pak" kama ni mwanamume mtu mzima, na mama muuza chakula "Bu". Kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni utovu wa adabu huko pia.

Nitakula nini?

Hutalala njaa. Langoni kuna vibanda vya mishikaki ya sungura kwa mchuzi wa karanga, ambayo ndiyo chakula cha sifa cha sehemu hizi za baridi. Usipotaka sungura iko ya kuku. Kuna mahindi ya kuchoma, tempe (soya iliyochachushwa) iliyokaangwa, na jioni utapata wedang ronde, tangawizi ya moto yenye matonge ya unga wa mchele ndani yake. Beba pesa taslimu, noti ndogo.

Nina siku chache. Niende hapa, Prambanan, Dieng, Sukuh au Bali?

Inategemea unatafuta nini. Prambanan, karibu na Yogyakarta, ni la karne ya 9 na ni kubwa mno. Limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1991. Kama hujawahi kwenda Java, usiliache. Lakini liko tambarare, na watu ni wengi.

Dieng ndio ndugu mkubwa wa Gedong Songo. Ni uwanda ulio mita 2,000 hivi juu, ndani ya volkano ya zamani, na mahekalu yake ni kati ya ya kale kabisa yaliyosimama Java. Yamepewa majina ya watu wa Mahabharata, utenzi mwingine wa Kihindu: Arjuna, Bima, Gatotkaca, Srikandi. Majina hayo walipewa baadaye na wenyeji; wajenzi hawakuyatumia. Julai na Agosti alfajiri majani huganda barafu na viazi vya wakulima huungua. Kwa wenye siku mbili za ziada ningewatuma huko baada ya Gedong Songo.

Sukuh na Cetho ni habari nyingine. Yako kwenye Mlima Lawu, mashariki ya jiji la Solo, na ni ya karne ya 15, wakati ufalme wa Majapahit ulipokuwa unaelekea ukingoni. Sukuh lina umbo la piramidi iliyokatwa kichwa, na michongo yake ya viungo vya uzazi haina aibu. Ukienda na wakwe, jiandae. Cetho liko juu zaidi, katikati ya mashamba ya chai, bado linatumiwa na Wahindu wa vijiji vya hapo, na mgeni hufungwa kitambaa kiunoni kabla ya kuingia.

Bali kuna Besakih, kwenye ubavu wa Mlima Agung. Hilo ni hekalu hai, lenye makuhani na sherehe, na masharti yake hufuatwa: vazi la kufunga kiunoni, na wanawake walio katika siku zao huombwa wasiingie. Agung ilipolipuka mwaka 1963 ilikuwa katikati ya sherehe kuu ya Eka Dasa Rudra. Watu zaidi ya elfu moja walikufa, na lava ikapita karibu na Besakih bila kuligusa. Wabali hawajaacha kulizungumzia.

Picha na droni?

Picha za kawaida hazina shida. Droni omba ruhusa kwanza kwenye ofisi ya hapo.

Naweza kupanda juu ya hekalu au kuokota kijiwe cha kumbukumbu?

Ngazi za mlangoni unaweza kuzipanda pale palipoachwa wazi. Kuta na paa, hapana, hata kama kijana wa mbele yako amekaa juu anapigwa picha. Na kijiwe usiokote. Sheria ya Indonesia ya mwaka 2010 kuhusu urithi wa kitamaduni inalinda pia vipande vilivyolala majani, na wanaofanya kazi ya kuunganisha misingi ya Gedong IV wanavihitaji.